Unauza vitu vya watoto mtandaoni? Jifunze kwa jarida la Mothering

Leo naongea na wale wa vitu vya watoto: nepi, mbeleko, mafuta, sabuni, vyakula vya lishe, na wengine wanaouza chochote chenye neno "asili" kwenye posti.

Kuna jarida la Marekani linaitwa Mothering. Lilianzishwa 1976 huko Colorado na mama mmoja, Adeline Eavenson. Mwaka 1980 likachukuliwa na Peggy O'Mara, naye akaliendesha miaka mingi, ofisi zikiwa Santa Fe, New Mexico. Kazi yake ilikuwa malezi ya asili: kunyonyesha, kuzalia nyumbani, nepi za kitambaa, kulala na mtoto, kumbeba mtoto mwilini badala ya kumsukuma kwenye kigari. Najua unacheka hapo kwenye kubeba. Bibi zetu wamebeba watoto kwa khanga bila kusoma jarida lolote, wenzetu kule ikawa mpaka iandikwe. Lakini usicheke sana maana biashara ipo hapo hapo.

Cha kwanza nilichokipenda: hawa watu walikataa hela. Matangazo ya maziwa ya kopo hawakuyapokea, na kampuni za maziwa ndizo zenye pesa nene kwenye majarida ya wazazi. Faida yake ni nini? Msomaji akiona tangazo la nepi za kitambaa mle ndani, anajua halikuingia kwa sababu tu mtu kalipa. Sasa jiangalie wewe. Ukurasa mmoja asubuhi unauza mbeleko, mchana cream ya kung'arisha, usiku dawa ya kupunguza tumbo. Mama mwenye mtoto wa wiki mbili akuamini kwa lipi? Mimi dukani kwangu nimeondoa vitu vitatu vilivyokuwa vinatoka vizuri tu, kwa sababu mteja wangu wa nepi alikuwa anashindwa kuelewa mimi ni nani.

Cha pili. Mwaka 2006 Mothering waliitisha shindano la kutafuta alama ya kimataifa ya kunyonyesha. Ile ya mama kampakata mtoto, rangi ya bluu na nyeupe, pengine umeiona mlangoni kwenye chumba cha kunyonyeshea uwanja wa ndege. Aliyeshinda anaitwa Matt Daigle. Halafu ile alama ikaachiwa watu wote waitumie bure. Hawakuidai hata senti, ikatembea dunia nzima. Wewe unaweza kufanya kidogo: video ya dakika moja ya jinsi ya kukunja nepi ya kitambaa, bila kuweka bei, bila "njoo inboksi". Watu wataituma kwa mashoga zao wajawazito. Hao ndio wateja wa miezi mitatu ijayo.

Sasa tuje kwenye sehemu iliyonifanya niandike posti hii, na naomba uisome taratibu.

Mwaka 2001 jarida hilo hilo, lenye wasomaji wanaoliamini, lilimweka kwenye jalada mama mjamzito mwenye VVU, Christine Maggiore. Tumboni kachorwa alama ya kukataa AZT, dawa ya kupunguza makali ya virusi. Yeye alikuwa anapinga kwamba VVU ndivyo vinaleta UKIMWI. Hakutumia dawa, na alinyonyesha. Mtoto wa mimba ile, Eliza Jane, alifariki 2005 akiwa na miaka mitatu. Wachunguzi wa vifo wa Los Angeles walitaja nimonia inayotokana na UKIMWI, ingawa wazazi walilipinga jibu hilo. Mama mwenyewe alifariki Desemba 2008.

Shirika la Afya Duniani linasema bila dawa yoyote, maambukizi kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto ni kati ya asilimia 15 na 45. Mama na mtoto wakipata dawa inavyotakiwa, yanashuka chini ya asilimia 5. Huku kwetu kila mjamzito anayekwenda kliniki anapimwa, na sote tunajua familia ambayo watoto wamezaliwa salama kwa sababu mama alimeza vidonge vyake. Kwa hiyo jalada lile halikuwa "maoni tofauti". Lilipita mlango ule ule wa uaminifu uliojengwa na nepi na kunyonyesha.

Na wewe una mlango huo. Mteja aliyekuamini kwenye mbeleko ndiye atakuuliza saa tano usiku: "Dada, mtoto ana homa siku ya pili, yale mafuta yako yanasaidia?" Hapo pesa iko mkononi, chupa iko kwenye rafu. Mimi najibu hivi, nimeihifadhi kabisa kwenye majibu ya haraka ya WhatsApp: "Mafuta haya ni ya kulainisha ngozi tu mpenzi, homa hayatibu. Mpeleke kituo cha afya sasa hivi, tutaongea mtoto akipata nafuu." Nimekosa mauzo? Ndiyo, ya siku hiyo.

Basi pitia kapsheni zako leo. Pale uliposema "inatibu", "inaongeza kinga", "haina kemikali", futa uandike kitu unachoweza kukionyesha kwa macho: kitambaa gani, inakauka baada ya muda gani, ina ukubwa gani. Asali usiiandikie "kwa watoto wote", mtoto chini ya mwaka mmoja hapewi asali, kuna vijidudu vinavyoweza kumletea sumu mwilini. Uji wa lishe usiandike "kuanzia miezi mitatu". Ushauri ni maziwa ya mama peke yake mpaka miezi sita.

Na wale wa maziwa ya kopo, chupa na chuchu: kuuza unauza, ila kuyatangaza ni habari nyingine. Tangu 1981 kuna kanuni za kimataifa zinazokataza kuyatangaza kwa umma, kutoa sampuli na ofa. Kenya wana sheria yao ya 2012, Tanzania nayo ina kanuni zake. Zile posti za "nunua kopo mbili upate chupa bure" zitakuingiza matatani. Zitoe.

Badala yake uza kwa hesabu. Mtoto mchanga akitumia pampasi 6 kwa siku, mwezi ni 180. Mwambie mteja azidishe mwenyewe kwa bei ya mtaani kwake, halafu alinganishe na bei ya nepi zako 20 pamoja na sabuni na maji. Mwambie pia ukweli kwamba kufua kunachosha na msimu wa mvua hazikauki haraka. Ukishamwambia hilo, la bei halibishani.

Mothering waliacha kuchapa karatasi 2011, matangazo yalikuwa yamepungua na wasomaji wamehamia mtandaoni. Miaka 35 hiyo. Usiweke wateja wako wote Instagram peke yake, andika namba zao kwenye daftari pamoja na umri wa mtoto. Mtoto akifika miezi mitano unajua mama anahitaji nini, unamtumia ujumbe wewe kabla hajaanza kutafuta.

Mwenye kapsheni anayotaka tuirekebishe pamoja, aiweke hapo chini. Nitaanza kujibu saa mbili usiku nikifunga duka.