Mama amegoma nisiende China, anasema nitalishwa mbwa

Shikamoo Shangazi. Nina miaka 22, naishi Tanga. Nimepata ufadhili wa kusoma uhandisi Guangzhou, China, na natakiwa kuripoti Septemba. Baba hana neno, mama ndiye kagoma. Anasema Wachina wanakula mbwa, paka na nyoka, na kwamba kuna nyama za watu zinazofungwa kwenye makopo. Mjomba alituma kwenye kundi la familia picha za mikono na miguu ya watu imepangwa kama buchani, tangu hapo mama hapati usingizi. Nikimweleza, jibu lake ni moja: "Lisemwalo lipo." Sitaki kuondoka bila radhi zake. Na mimi mwenyewe, kusema kweli, naogopa kulishwa haramu bila kujua. Nifanyeje?
Binti Msafiri, Tanga

Marahaba mwanangu, na hongera. Mama kasema lisemwalo lipo. Haya, tuangalie lipi lipo na lipi halipo, maana mjomba kakuchanganyieni yote.

Nyama za watu hazipo. Picha hizo zilianzia London, mwaka 2012. Kampuni iliyokuwa ikitangaza mchezo wa kompyuta wa mazombi, Resident Evil 6, ilifungua bucha ya maigizo kwenye soko la nyama la Smithfield, ikapanga vitu vilivyoumbwa mfano wa viungo vya binadamu. Mwaka 2016 picha zikaibuka Zambia zikiwa na maelezo mapya, kwamba Wachina wanawauzia Waafrika maiti kwenye makopo. Uvumi ukavuma hadi ubalozi wa China mjini Lusaka ukakanusha hadharani. Mjomba kakuletea kiporo.

Mbwa yupo, ila si kama mnavyodhani. Wachina wengi hawamli. Wanaomla wako zaidi katika baadhi ya maeneo, kama mji wa Yulin, jimbo la Guangxi, ambako kila Juni hufanyika tamasha ambalo Wachina wenzao hulipigia kelele. Shenzhen, mji ulio jirani na huko uendako, ulipiga marufuku kula mbwa na paka kuanzia Mei 2020, na mwaka huohuo wizara ya kilimo ya China haikumweka mbwa kwenye orodha ya mifugo. Supu ya nyoka ilikuwa na wapenzi wake Guangdong, jimbo la huko uendako, lakini Februari 2020 serikali ilizuia ulaji wa wanyamapori wa nchi kavu, hata wale wanaofugwa.

Wala usiende huko na pua juu. Bukoba watu wanasubiri msimu wa senene kwa hamu, wewe labda ungekimbia. Na pweza unayemla hapo Tanga, wapo wa bara wanaomwangalia mara moja wakaacha hata wali.

Sasa nikuambie kilichopo, ambacho mjomba hakukituma. Ni nguruwe. Ukiagiza chakula China kikaandikwa nyama tu, bila kutajwa ya mnyama gani, basi ni nguruwe. Mboga za majani zinaweza kukaangwa kwa mafuta yake, na vipande vyake vidogo vidogo vikatiwa ndani ya tofu ukadhani ni viungo. Mpishi hana nia mbaya. Kwake hiyo ndiyo ladha. Mnalinda mlango wa mbwa, mwizi kaingilia dirishani.

Lakini dirisha hilo lina komeo. Wahui, Waislamu wa China, peke yao wanazidi milioni 10, na vimgahawa vyao vimejaa mijini. Vingi utavijua kwa kibao cha kijani. Ndani utamkuta mpishi mwenye kofia nyeupe, unga hadi kwenye viwiko, anavuta donge hadi liwe tambi, kisha analitosa kwenye supu ya ng'ombe. Vyuo vingi vina kantini ya Waislamu. Waandikie chuo uulize kabla hujakata tiketi. Hapo Guangzhou, mtaa wa Xiaobei una migahawa ya halali na Waafrika. Msikiti wa Huaisheng, hapohapo Guangzhou, ni miongoni mwa misikiti mikongwe kabisa ya China, na mapokeo ya huko yanaunasibisha na sahaba Saad bin Abi Waqqas. Hilo la msikiti, anza nalo kwa mama.

Kuhusu mama, usimsomee makala wala usimcheke. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na sidhani kama kinachomnyima usingizi ni mbwa. Anaogopa utarudi mtu mwingine, asiyeswali, asiyesikia. Mbwa ni rahisi kutamkwa. Mtafutie mama mwenzake, Muislamu, aliyesomesha mtoto China, wakae wanywe chai bila wewe kuwepo. Mwombe shehe anayemwamini aseme naye. Kisha mpe kazi: akufundishe kupika pilau lake na akufungie bizari iliyosagwa. Nyama asikufungie hata ya kukausha, forodha ya China hairuhusi.

Nawe, kabla hata ya salamu, jifunze sentensi moja ya Kichina: sili nguruwe wala mafuta yake. Ibebe imeandikwa, maana kwa matamshi yako ya mwezi wa kwanza, mpishi atakuletea nguruwe huku anatabasamu.