Chuma Kinachosamehe: Umbo la Fimbo za Gofu na Mkono wa Mchezaji Mzoefu

Tumfikirie mgonjwa wa miaka 56 anayefika kliniki ya mifupa na viungo akilalamikia maumivu ya upande wa ndani wa kiwiko cha kulia. Amecheza gofu kwa miaka 30, handikapu yake ni 7, na fimbo zake za chuma ni zile zile alizonunua ujanani: nyembamba, zilizofuliwa kwa kipande kimoja cha chuma, na anazipenda. Akiulizwa huzishikaje, hujibu kwa fahari kwamba siku hizi huzikamata kwa nguvu zaidi kuliko zamani, kwa sababu mpira usipogongwa katikati, kichwa cha fimbo humpinduka mkononi, naye hataki kipinduke. Jibu hilo moja limebeba chanzo cha maumivu yake na sehemu kubwa ya tiba yake. Mhudumu wa afya asiyejua fimbo hiyo imeundwaje atalisikia na kulipita.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuishika, fimbo ya chuma hutumika kupeleka mpira kwenye eneo la shimo kutoka umbali wa mita mia moja na ushee. Kila fimbo ina namba. Kadiri namba inavyopanda, ndivyo uso wa fimbo unavyolala zaidi, mpira ukapaa juu na kuanguka karibu. Mhandisi anayeunda kichwa cha fimbo hiyo hudaiwa mambo mawili. La kwanza ni nguvu, yaani mpira uondoke kwa kasi kubwa. La pili ni msamaha, yaani pigo lililokosea katikati ya uso lisiadhibiwe kupita kiasi. Anayejifunza hapati shida ya kuchagua, kwani hupewa msamaha wote unaopatikana. Mzoefu, hata hivyo, hudai jambo la tatu, nalo ni utawala: mpira uende umbali ule ule kila mara, upinde kushoto au kulia kwa matakwa yake, na usimame pale unapoangukia. Hapo ndipo ugomvi wa usanifu unapoanza.

Kabla ya kuutazama ugomvi huo, yafaa tuhesabu muda. Mpira na uso wa fimbo hugusana kwa takribani nusu ya elfu moja ya sekunde. Mchezaji wa kulipwa anapotumia fimbo namba 7, kichwa cha fimbo hufika kikiwa na kasi ya mita 40 hivi kwa sekunde, na mpira, ambao hauruhusiwi kuzidi gramu 45.93, huondoka kwa kasi ya mita 54 hivi kwa sekunde. Gawanya badiliko hilo kwa muda wa mgusano, nawe utapata kani ya wastani ya Newtoni 5,000 hivi, sawa na uzito wa nusu tani, ikidumu kwa kitambo ambacho hakuna jicho linaloweza kukiona.

Sasa tuulize mwili unaweza kufanya nini ndani ya kitambo hicho. Neva za mkono wa mtu mzima mwenye afya hupeleka taarifa kwa kasi ya mita 50 hadi 60 kwa sekunde. Kutoka kwenye vidole hadi uti wa mgongo ni karibu mita moja, kwa hiyo taarifa huhitaji elfu 15 za sekunde au zaidi ili ifike tu, bila kuhesabu safari ya kurudi kwenye misuli. Neva zinapoleta habari kwamba kichwa cha fimbo kimepinduka, mpira umekwishaachana na uso wa fimbo kitambo na tayari uko hewani, karibu mita moja mbele. Mgonjwa wetu, basi, anapambana na jambo lililokwisha kutokea. Mkono hauna wakati wa kusahihisha pigo. Kama kuna msamaha wowote, sharti uwe umewekwa kwenye chuma chenyewe, kiwandani.

Huwekwaje? Jibu limo katika inesha ya mzunguko, yaani ukaidi wa kitu dhidi ya kuzungushwa. Ukaidi huo hukua kwa mraba wa umbali kati ya uzito na kitovu. Gramu 20 zikikaa sentimita 1 kutoka kitovuni huchangia 20. Gramu hizo hizo zikisogezwa hadi sentimita 3 huchangia 180. Uzito haukuongezeka hata chembe, bali umehamishwa tu, nao mchango wake umekuwa mara tisa. Fimbo nyembamba ya kizamani, ambayo wachezaji huiita bledi, imekusanya chuma chake nyuma ya katikati ya uso. Ukigonga hapo katikati hakuna raha inayoishinda, lakini ukikosea kwa sentimita moja na nusu kuelekea ncha, kichwa huzunguka, mpira hupoteza kasi na mwelekeo hupotoka.

Aliyelichukua wazo hili na kulifanya biashara ni Karsten Solheim, mzaliwa wa Norwei mwaka 1911 aliyekulia Marekani. Alikuwa mhandisi wa General Electric na alianza gofu akiwa na umri wa miaka zaidi ya 40, yaani umri ambao wengi wetu huanza kuhesabu viungo vinavyouma. Mwaka 1959 alitengeneza fimbo yake ya kwanza ya kusukumia mpira shimoni, iliyolia mlio uliolipa kampuni yake jina la Ping. Baadaye alifanya vivyo hivyo kwa fimbo za chuma: alichimba shimo mgongoni mwa kichwa na kuupeleka uzito pembezoni. Fimbo za Ping Eye2 za mwaka 1982 zilieneza umbo hilo duniani. Maumbo ya aina hiyo hutoka kwa urahisi zaidi kwa kuyeyusha chuma na kukimimina kwenye kalibu kuliko kwa kukifua, na ndipo yalipozuka mabishano yasiyokwisha baina ya wapenzi wa chuma kilichofuliwa na wale wa chuma kilichosubiwa. Kwa maoni yangu mabishano hayo yamepewa heshima kuliko yanavyostahili. Mahali uzito ulipo kuna athari kubwa kwa pigo kuliko namna chuma kilivyozaliwa.

Nguvu hutafutwa kwa njia nyingine. Mpira ukibonyezwa sana hupoteza nishati ndani yake. Uso wa fimbo ukiwa mwembamba na imara, nao hubonyea kidogo, mpira husalimika kidogo, na kasi huongezeka. Kanuni za R&A na USGA huweka ukomo wa mrusho huo ili mchezo usigeuke mashindano ya viwanda. Ili uso mwembamba usipasuke, hutumiwa aloi ngumu ya chuma, na kichwa huachwa kitupu ndani. Baadhi ya fimbo za namna hii, kama TaylorMade P790 iliyotoka mwaka 2017, hujazwa povu linaloshikilia uso na kupunguza mtetemo. Uzito uliookolewa usoni hurudishwa chini na kwenye ncha kwa vipande vya tangsteni, metali ambayo kwa ujazo ule ule ina uzito wa karibu mara mbili na nusu ya chuma. Hivyo kichwa hubaki kidogo, chembamba machoni pa mzoefu anayechukia fimbo nene, ilhali kina msamaha uliokuwa hauwezekani kwa umbo hilo zamani.

Kuna njia ya tatu ya kupata nguvu, nayo ina hila ndani yake. Fimbo namba 7 ya zamani ilikuwa na mwinamo wa uso wa digrii 36 hivi. Leo zipo namba 7 zenye mwinamo ulio chini ya digrii 30. Mpira huenda mbali, mchezaji hufurahi dukani, lakini kwa hakika ameuziwa namba 5 iliyoandikwa 7. Gharama huonekana kwenye eneo la shimo: mwinamo ukipungua, mzunguko wa mpira kinyumenyume hupungua, nao huanguka kwa pembe ndogo na kubingirika. Zaidi ya hayo, wachezaji wazoefu huzilalamikia nyuso nyembamba kwamba mara mojamoja huutupa mpira mbali kuliko ilivyotarajiwa. Kwa anayeanza hiyo ni zawadi, lakini kwa mwenye handikapu 7 mpira umevuka eneo na kuishia kichakani. Usanifu mzuri kwa mzoefu, kwa hiyo, haufuati kipimo kikubwa kabisa cha nguvu wala cha msamaha.

Turudi kwa kiwiko. Misuli inayokunja kifundo cha mkono na vidole imeshikizwa kwenye mfupa wa upande wa ndani wa kiwiko. Kushika fimbo kwa nguvu kwa mapigo mengi ya mazoezi, juma baada ya juma, huilemea kano ya hapo pasipo kuipa nafasi ya kujijenga. Kwa anayecheza kwa mkono wa kulia, maumivu ya ndani huelekea kuupata mkono wa kulia, na yale ya nje ya kiwiko mkono wa kushoto. Aidha, mshiko mkali hupitisha mtetemo mwingi zaidi hadi kwenye kigasha. Mgonjwa akielewa hesabu ya nusu ya elfu moja ya sekunde, ushauri wa kulegeza mshiko humfikia kama habari ya kweli, na hausikiki tena kama amri ya daktari asiyeujua mchezo.

Kitako cha fimbo nacho kina habari yake. Kitako chembamba chenye ukingo mkali hujichimbia ardhini. Kipana chenye mviringo huteleza. Wakati wa kiangazi, ardhi ikiwa imekauka kama tofali, tofauti hiyo huingia moja kwa moja mwilini. Mikeka ya mazoezi iliyotandikwa juu ya saruji ni mibaya vile vile, na nimeshangaa mara nyingi jinsi wagonjwa wanavyosahau kuitaja.

Lipo jeraha moja ambalo wahudumu wenzangu nawasihi wasilipite. Fimbo ikikwama ardhini ghafla, kitako cha mpini hugonga sehemu ya chini ya kiganja cha mkono wa juu, upande wa kidole cha mwisho, na kinaweza kuvunja ndoana ya mfupa wa hamati. Mgonjwa huonekana kama aliyeteguka tu. Eksirei ya kawaida ya kiganja, ya mbele na ya ubavuni, mara nyingi haionyeshi kitu. Ukibonyeza hapo akaruka, au akisema kidole cha mwisho na cha pete vina ganzi, omba eksirei inayopigwa kwa mwelekeo wa mfereji wa kifundo cha mkono, au CT skani. Ndoana iliyovunjika ikiachwa husaga kano za kukunja kidole cha mwisho, na yawezekana zikakatika.

Kwa mgonjwa wetu matibabu huanza kwa kupunguza mapigo, kisha mazoezi ya kuizoesha kano uzito hatua kwa hatua chini ya fiziotherapia. Sindano ya steroidi hutuliza kwa majuma machache. Kwa maumivu ya nje ya kiwiko imeonekana kuacha matokeo mabaya zaidi baada ya miezi, hivyo tusiikimbilie. Arudi uwanjani kwa mapigo mafupi kwanza, kwenye nyasi laini. Apimwe unene wa mshikio, kwa maana mwembamba mno humlazimu kubana, na uliochakaa na kuteleza hufanya hivyo hivyo. Mpini wa grafaiti, ambao kwa kawaida ni mwepesi kuliko wa chuma, unastahili kujaribiwa.

Swali lake la mwisho, naye atalileta akiwa tayari mlangoni, ni iwapo sharti azitupe fimbo zake za ujanani. Hapana. Namba 8, 9 na ile ya kupandishia mpira hupigwa kwa karibu, hukosea katikati mara chache, na ndizo zinazodai utawala kuliko zote; abaki nazo. Namba 4 hadi 7 azibadilishe kwa zenye shimo au uwazi mgongoni na kitako kipana kidogo, na amwombe fundi alinganishe miinamo, ili pasiwe na pengo la umbali kati ya 7 mpya na 8 ya zamani.