Shukrani Haishushi Presha

"Anti, nina miaka 61 na nina presha. Shule zilipofungwa Machi kwa sababu ya korona, mwanangu aliyeko Dar aliniletea wajukuu wanne, akanikataza kutoka nje. Mjukuu mkubwa ndiye anayechota maji na kuwaogesha wadogo zake. Miezi miwili na nusu sasa niko ndani. Miguu inavimba, dawa zimeisha, zahanati naiogopa, basi najifukiza asubuhi na jioni. Nikilalamika, jirani ananiambia nimshukuru Mungu, wenzangu wamezikwa. Mbona sioni cha kushukuru? Moyo wangu umeoza?" – Bibi wa Wanne, Mvumi, Kilosa. Juni 2020.

Shikamoo mama. Tuanze na dawa, maana shukrani itangoja, presha haingoji. Kujifukiza nyungu sikukatazi kama kunakupa faraja (wajukuu wasisogelee sufuria tu), ila mvuke haushushi presha. Kesho damka, vaa barakoa, ufike zahanati kabla watu hawajajaa. Nawa mikono, upimwe, uchukue vidonge. Waonyeshe na hiyo miguu. Usijiambie imevimba kwa kukaa tu. Yaweza kuwa hivyo, yaweza kuwa figo au moyo, na mimi kutoka kwenye meza hii siwezi kukuambia ni kipi.

Huko Uganda, magari ya watu binafsi yalipopigwa marufuku mwishoni mwa Machi, mgonjwa alihitaji kibali cha mkuu wa wilaya ili apandishwe gari kwenda hospitali. Sikuambii hivyo ili ujione una nafuu, hiyo ni kazi ya jirani yako. Nakuambia kwa sababu mlango wako haukufungwa na amri yoyote. Tarehe 17 Machi, serikali yetu ilifunga shule na kuzuia mikutano ya hadhara na michezo. Watu haikuwafungia majumbani. Aliyekufungia ni mwanao, kwa mapenzi.

Na hofu yake ina msingi: mwenye presha akipata korona huweza kuumia zaidi. Lakini hatari iko gulioni, msibani, kwenye basi lililosheheni. Njia ya mashambani saa kumi na mbili asubuhi, mpunga ukiwa unavunwa, ina upepo wa kutosha na watu wawili watatu wenye mundu. Wasalimie kwa mbali. Mganga akisharuhusu miguu hiyo, anza na dakika kumi tu. Shirika la Afya Duniani linataka dakika 150 kwa wiki; utazifikia taratibu, hakuna anayekukimbiza. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, ukihesabu na iliyomo kwenye dagaa.

Sasa hilo la moyo. Hujaoza, mama. Umenyamazishwa. "Shukuru, wenzako wamekufa" si shukrani, ni kumziba mtu mdomo kwa kutumia maiti ya mwingine. Shukrani ninayoijua mimi ina mtu wa kuambiwa. Umeniandikia kwamba mjukuu mkubwa ndiye anayechota maji na kuwaogesha wadogo zake. Umewahi kumwita kwa jina ukamwambia ahsante?

Mwaka 2003, Wamarekani wawili, Robert Emmons na Michael McCullough, waliwapa wanafunzi wa chuo kazi ya kuandika kila wiki mambo wanayoyashukuru. Hao walijisikia vizuri, na wakafanya mazoezi zaidi, kuliko wenzao walioagizwa kuandika kero. Mimi nakubali nusu. Wale walikuwa vijana wa chuo, hawakuwa wamefungiwa ndani na wajukuu wanne. Kero zako nazo ziandikwe.

Kidato cha sita wamerudi shule Juni mosi, wa kwako bado wapo wapo tu na mwandiko unaharibika. Kila jioni mpe mkubwa daftari, umsomee imla ya sentensi mbili: leo kilichomfurahisha bibi, na kilichomuudhi. Wadogo nao waulizwe vyao. Nakuhakikishia mtacheka.

Jirani naye akija tena na habari za makaburi, mkaribishe kiti nje, kwa umbali, umwombe akuangalizie watoto nusu saa. Wewe vaa kandambili, ushike njia ya mashambani.