Jani la hindi, lenzi na kidonda cha jicho

Somo hili ni kwa ajili ya vikundi vya wakulima, vikundi vya akina mama na wahudumu wa afya wa jamii. Lisomeni pamoja, kisha jadilianeni maswali yaliyo mwishoni.

Konea ni nini?

Mbele ya mboni kuna utando mgumu unaopitisha mwanga kama kioo. Wataalamu huuita konea. Konea haina mishipa ya damu, hivyo ikiwa wazi hupata hewa yake kutoka nje kupitia machozi. Ngozi yake ya juu ikiwa nzima, vijidudu vingi haviwezi kupenya. Ikichubuka hata kidogo, vijidudu hupata mlango. Vikiingia huleta kidonda, na kidonda kikipona huacha kovu jeupe. Kovu likiwa mbele ya mboni, mtu hupoteza uwezo wa kuona kwa jicho hilo.

Konea huchubukaje?

Kwa wakulima wa Lushoto, Soni au Mlalo, sababu ziko shambani na nyumbani: jani la hindi wakati wa palizi, kijiti cha kusimamishia nyanya, kibanzi cha kuni, au makapi wakati wa kupepeta.

Sababu nyingine ni lenzi za kuvaa machoni. Vijana wanaosoma au kufanya kazi mijini huweza kurudi nazo nyumbani. Wengine huzivaa badala ya miwani, wengine huvaa za rangi kwa ajili ya harusi. Lenzi hufunika konea na kupunguza hewa inayoifikia. Mtu akiivaa kupita saa alizoelekezwa, au akilala nayo, konea hudhoofika na kuchubuka upesi. Akiisafisha kwa maji ya bomba, ya mto au kwa mate, huingiza vijidudu yeye mwenyewe. Kimojawapo, kinachoitwa akantamiba, huishi majini na matibabu yake huchukua miezi mingi.

Siku zinazopotea

Mwaka 2011 ilichapishwa ripoti kuhusu wagonjwa 170 wenye vidonda vya namna hii waliolazwa katika Hospitali ya KCMC, Moshi. Nusu yao walifika baada ya siku 14 au zaidi tangu jicho lianze kuuma. Wengi waliondoka jicho likiwa haliwezi tena kuona vizuri.

Siku hizo hupoteaje? Mtu husubiri amalize palizi. Hutafuta nauli ya kushuka Mombo. Au hutiwa jichoni maji ya majani, maziwa ya mama au dawa aliyobakiza jirani. Vitu hivi huongeza vijidudu. Baadhi ya matone ya dukani yana steroidi, ambayo hutuliza wekundu huku kidonda kikizidi kuchimba.

Mfano wa Nepal

Katika wilaya ya Bhaktapur, nchini Nepal, wahudumu wa afya wa vijijini walifundishwa kutambua mchubuko wa konea. Waliwapa majeruhi marhamu ya kloramfenikoli ya asilimia 1, mara 3 kwa siku kwa siku 3. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001. Kati ya wale walioanza dawa ndani ya saa 18 baada ya kuumia, hakuna hata mmoja aliyepata kidonda. Dawa ilikuwa ya bei nafuu. Jambo kubwa lilikuwa kuwahi.

Tufanye nini?

• Jicho likiumia, nenda zahanati siku hiyo hiyo, hata kama maumivu ni madogo.
• Usisugue jicho. Usichomoe kitu kilichochoma ndani.
• Dawa ya kunyunyizia mboga ikiingia, osha jicho mara moja kwa maji mengi safi, kwa muda usiopungua dakika 15, kisha nenda hospitali.
• Usitumie dawa ya jicho ya mtu mwingine.
• Mvaaji wa lenzi anawe mikono kwa sabuni, atumie maji maalumu ya lenzi peke yake, na azitoe kabla ya kulala. Asimwazime mtu.
• Jicho la mvaaji wa lenzi likiwa jekundu, likiuma au kuogopa mwanga, aitoe lenzi na kwenda kwa mtaalamu wa macho siku hiyo hiyo. Kwake marhamu ya zahanati peke yake haitoshi. Aende na lenzi hiyo.
• Ukiona doa jeupe kwenye konea, usisubiri. Omba rufaa haraka.

Maswali ya majadiliano

1. Katika kijiji chetu, mtu akichomwa na jani jichoni, hufanya nini kwanza? Kwa nini?
2. Je, zahanati yetu ina marhamu ya jicho leo? Nani ataenda kuuliza?
3. Mtu asiye na nauli tunaweza kumsaidiaje afike hospitali kabla siku haijaisha?
4. Ujumbe huu unaweza kutangazwaje kanisani, msikitini na shuleni kabla ya palizi kuanza?