Gobore la kuwindia kulungu: kaliba ipi inatosha?

Dukani, swali la kwanza huwa ni namba: .45, .50 au .54? Muuzaji naye hulijibu haraka, kwa kuwa namba ni rahisi kuuza. Lakini kulungu hauawi na namba. Anauawa na risasi yenye uzito wa kutosha, iliyofika mahali pake ikiwa bado na nguvu, kutoka umbali ambao mpigaji anaumudu. Kaliba ni sehemu ya hesabu hiyo, na mara nyingi si sehemu kubwa kama watu wanavyodhani.

Makala haya yamelengwa kwa wasomaji walioko Marekani, hasa Ohio, Kentucky, Iowa na Pennsylvania, ambako Waswahili wengi wamehamia na kukuta majirani wao wakiingia msituni kila mwaka kuwinda kulungu wa mkia mweupe. Majimbo mengi yametenga siku maalumu za kuwinda kwa gobore peke yake. Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na Tanzania kukutwa na gobore lisilo na kibali ni kesi ya kukupeleka gerezani, kwa hiyo asitokee wa kuyabeba maelezo haya na kuyapeleka porini Rukwa. Isitoshe, gobore la kienyeji lililotengenezwa kwa bomba la maji halina kaliba ya kuzungumzia. Hapa tunazungumzia bunduki ya kiwandani, yenye mtutu uliopimwa na kijitabu kinachoeleza kiasi cha baruti unachoweza kubeba.

Anza na sheria ya jimbo lako, maana ndiyo inayoweka kima cha chini. Ohio inataka kaliba isiyopungua .38. Pennsylvania ina msimu wake wa gumegume, unaoanza baada ya Krismasi: kaliba iwe .44 au zaidi, bunduki iwe ya kuwashwa kwa jiwe, ya kabla ya mwaka 1800 au iliyoigwa kwa mtindo huo, na ulenge kwa jicho tupu. Colorado inakubali .40 kwa kulungu lakini inadai .50 kwa elki, na katika msimu wa magobore inakataza darubini, vidonge vya baruti na risasi zilizovikwa kikombe cha plastiki. Mtu aliyehama Columbus kwenda Denver na gobore lake la kisasa anaweza kugundua kwamba nusu ya vifaa vyake havina ruhusa huko. Sheria hizi hubadilika, kwa hiyo soma kijitabu cha mwaka huu, usitegemee alichokumbuka shemeji yako. Majimbo karibu yote pia yatakudai cheti cha kozi ya usalama wa uwindaji kabla ya kukupa leseni.

Jambo moja hapa huwapotosha wengi. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1968 hailiweki gobore la kawaida kwenye kundi moja na bunduki za risasi za kisasa, ndiyo maana sehemu nyingi utaliona likiuzwa bila fomu nyingi. Hilo halina maana kwamba kila mtu anaruhusiwa kulimiliki. Majimbo mengine yana masharti makali zaidi. Aliyewahi kuhukumiwa kwa kosa kubwa, au ambaye karatasi zake za uhamiaji bado hazijakamilika, amuulize mwanasheria. Muuzaji hatakuwepo siku ya kesi.

Uzito wa risasi

Zamani mafundi hawakuihesabu kaliba kwa inchi. Walihesabu ni risasi ngapi za mviringo zinazoyeyushwa kutoka ratili moja ya madini ya risasi, na hesabu hiyo bado inafundisha kuliko namba za leo. Gobore la .36 linakupa risasi zaidi ya 100 kwa ratili. La .45 linakupa kama 55, la .50 kama 40, na la .54 kama 31. Mlowezi wa mashariki aliyebeba madini yake mgongoni, na ambaye siku nyingi alipiga kindi, aliona faida ya tundu dogo. Waliovuka kwenda magharibi, kwenye dubu na nyati wa Marekani, walitaka risasi nzito. Ndugu wawili wa St. Louis, Jacob na Samuel Hawken, walijipatia jina kwa kuwatengenezea watu hao bunduki fupi zenye mitutu minene, nyingi zikiwa za .50 hadi .54.

Tazama sasa uzito wenyewe. Risasi ya mviringo ya gobore la .45 ina gramu 8.3 hivi. Ya .50 ina gramu 11.5, na ya .54 ina gramu 14.5. Kipenyo kimeongezeka kidogo mno, pengine usikitambue kwa macho, lakini kutoka .45 hadi .50 uzito umepanda kwa zaidi ya theluthi moja, na kutoka .50 hadi .54 kwa zaidi ya robo. Ndivyo kitu cha mviringo kilivyo: ukikipanua kidogo, kinanenepa pande zote kwa pamoja.

Uzito huo ndio unaohitajika, kwa sababu umbo la mviringo ni baya kwa kupasua hewa. Risasi ya .50 inayotoka mtutuni kwa kasi ya karibu mita 580 kwa sekunde, ikifika mita 90 inakuwa imepoteza zaidi ya theluthi moja ya kasi hiyo, wakati mwingine karibu nusu. Nguvu inayobaki ni kama theluthi ya ile iliyoanza nayo. Kumwaga baruti zaidi hakusaidii sana, kwani kadiri risasi ya mviringo inavyotoka kwa kasi ndivyo hewa inavyoizuia zaidi. Kinachosaidia ni kusogea karibu, au kupata tundu kubwa.

Kwa hiyo, kwa anayetaka kuwinda kwa risasi ya mviringo na kitambaa kilichopakwa mafuta, kama walivyowinda wa kale, ningeyapanga hivi. Kaliba ya .40 au pungufu iachie kindi na sungura, hata kama jimbo lako linairuhusu kwa kulungu. Ya .45 inaua kulungu vizuri kabisa, ila usizidi mita 60 na usipige mnyama aliyekaa vibaya. Ya .50 inakufikisha mita 90. Ya .54 haiongezi umbali kwa kiasi cha kutajika. Inaongeza tundu pana na damu nyingi ya kufuata, jambo ambalo utalithamini jioni ya Desemba jua likizama saa kumi na moja. Mimi, kwa gumegume na risasi ya mviringo, ningechukua .54. Kwa mtu anayenunua gobore moja tu na hajajua bado atawinda kwa mtindo gani, ningesema .50 bila kusita, na sababu yake si nguvu: ni kwamba risasi, vitambaa, brashi na vifaa vingine vya .50 utavikuta karibu kila duka la wawindaji, wakati vya .54 huenda ukalazimika kuviagiza.

Michirizi ya mtutu

Hapa ndipo watu wanapopoteza fedha. Ndani ya mtutu mna michirizi inayoizungusha risasi ili iende sawa, kama pia. Michirizi inayokamilisha mzunguko mmoja kwa inchi 60 au 66 ni ya polepole, nayo imetengenezwa kwa ajili ya risasi ya mviringo. Inayokamilisha kwa inchi 28 ni ya haraka, kwa risasi ndefu. Katikati ipo ya inchi 48, inayojaribu kuwaridhisha wote, na kwa kawaida inafanya kazi ya wastani pande zote mbili. Namba hiyo mara nyingi hupigwa chapa kwenye mtutu karibu na kaliba, nayo ina uzito kuliko kaliba yenyewe. Magobore mawili ya .50, moja la inchi 66 na jingine la inchi 28, ni bunduki mbili tofauti kabisa. Ukilisha moja chakula cha mwenzake, risasi zitatawanyika kwenye karatasi ya shabaha utadhani umefumba macho.

Magobore ya kisasa, yale yenye fataki iliyokaa moja kwa moja nyuma ya baruti, yalianza kushika soko baada ya Tony Knight wa Missouri kutoa muundo wake mwaka 1985. Mengi ni ya .50 yenye michirizi ya inchi 28, na hula risasi ndefu iliyovikwa kikombe cha plastiki kiitwacho saboti. Risasi inayoruka kutoka kwenye hilo gobore la .50 mara nyingi ni ya .45, kwa kuwa saboti imechukua nafasi iliyobaki. Ina gramu 16 hadi 19, inapasua hewa vizuri kuliko ya mviringo, na mpigaji mzoefu mwenye darubini anaweza kuiamini mita 130 au zaidi. Kwa bunduki za aina hii mabishano ya kaliba yamekwisha nguvu. Ya .45 ya kisasa inatosha kulungu, ya .50 inatosha, na kulungu hataona tofauti.

Bega lako nalo lina haki ya kusikilizwa. Mtu mwenye mwili mdogo, au kijana anayeanza, akipewa .54 yenye baruti nyingi atajifunza kufumba macho kabla ya mlio, na tabia hiyo haiondoki upesi. Afadhali .45 au .50 yenye kiasi cha wastani, inayopigwa kwa utulivu.

Kushindilia

Kanuni ya zamani inasema anza na greni za baruti zinazolingana na namba ya kaliba: 50 kwa gobore la .50. Kisha ongeza tano tano, ukipiga risasi tatu kila mara kwenye karatasi, hadi uone mahali zinapokusanyika pamoja. Wengi huishia kati ya 70 na 90. Usivuke kikomo cha mtengenezaji. Baruti hii hupimwa kwa kikombe cha ujazo, na iwe baruti nyeusi au mbadala wake kama Pyrodex. Baruti isiyotoa moshi, ile ya raifo za kisasa, itaupasua mtutu mikononi mwako, hata ukiweka kidogo. Usiiguse isipokuwa mtengenezaji ameandika waziwazi kwamba bunduki yako imeundwa kwa ajili yake.

Usimimine baruti mtutuni moja kwa moja kutoka kwenye chupa au pembe, kwani kaa dogo lililobaki ndani linaweza kuilipua yote mkononi. Mimina kwanza kwenye kikombe cha kupimia. Risasi ishindiliwe kwa mdeki mpaka ikae juu ya baruti bila nafasi yoyote katikati, maana nafasi hiyo nayo hupasua mitutu. Weka alama kwenye mdeki inayoonyesha bunduki iliyoshindiliwa sawasawa, ili usikisie gizani. Na jioni hiyohiyo safisha kwa maji ya moto na sabuni. Masizi ya baruti nyeusi hula chuma usiku kucha.

Mahali pa kulenga kulungu ni nyuma kidogo ya mguu wa mbele, penye moyo na mapafu, eneo lenye upana wa kama sentimita 20. Umbali wako halisi ni ule ambao unaweza kuweka risasi zote ndani ya sahani ya ukubwa huo, ukiwa umeketi au umepiga goti jinsi utakavyokuwa msituni. Kama ni mita 45, basi ni mita 45, hata kama gobore lako lina kaliba ya kuangushia nyati.

Baada ya kupiga, moshi utakuziba macho. Kaa ulipo, shindilia tena, kisha sogea polepole kutoka nyuma ya mnyama. Msomaji Mwislamu atataka kuuliza suala la kisu mapema: wanazuoni wametofautiana kuhusu mnyama aliyekufa kwa risasi kabla ya kuchinjwa, na wapo wanaotenganisha kinachotoboa na kinachoua kwa kishindo, kwa hiyo zungumza na shekhe wako kabla ya msimu na si ukiwa umesimama juu ya mnyama. Wakati wa kupasua nyama, kata na utupe sehemu pana kuzunguka jeraha, kwa sababu chembe za madini ya risasi hazifai kuliwa, hasa na watoto na mama wajawazito. California imekataza kabisa risasi za madini hayo katika uwindaji tangu Julai 2019. Huko utatumia za shaba, ambazo karibu zote ni ndefu, na hivyo utahitaji mtutu wa michirizi ya haraka.

Ukinunua gobore la mtumba, kabla ya kuuliza bei tumbukiza mdeki hadi mwisho, weka alama kwenye mdomo wa mtutu, kisha utoe na uulinganishe na urefu wa mtutu kwa nje. Alama ikipungukiwa na vidole kadhaa, bunduki hiyo ina baruti ndani, na huenda imekaa hivyo miaka mingi. Igeuzie mbali na watu na umpelekee fundi.