Chanjo ya homa ya uti wa mgongo: mambo ya kujua kabla ya kudungwa sindano

Homa ya uti wa mgongo haimpi mgonjwa nafasi ya kusubiri. Mtu anaweza kulala na maumivu ya kichwa, na kufikia kesho yake jioni akawa hana fahamu. Mojawapo ya vijidudu vinavyoileta ni bakteria aina ya meningokokasi. Hata kwa matibabu, takriban mgonjwa 1 kati ya 10 hufariki, na baadhi ya wanaopona hubaki viziwi au na kifafa.

Bakteria hawa hukaa kooni, mara nyingi bila kumdhuru anayewabeba. Huenea kwa mate na makohozi miongoni mwa watu wanaoishi karibu karibu, kama vile kwenye mabweni, kambi, magereza na nyumba za chumba kimoja. Mwaka 1989 Nairobi ilikumbwa na mlipuko uliougua watu zaidi ya 3,000, na mwaka 2006 ugonjwa ukazuka West Pokot. Nakuru iko katikati ya safari za pande hizo mbili.

Nani anahitaji chanjo?

Chanjo ambazo watoto hupewa kliniki wakiwa na wiki 6, 10 na 14 huzuia aina nyingine za homa ya uti wa mgongo, zile zinazoletwa na Hib na nimokokasi. Hazizuii meningokokasi. Kwa hivyo mzazi asizikose, lakini pia asidhani zinatosha kwa kila safari.

Chanjo ya meningokokasi huhitajika hasa kwa:
- wanaokwenda Hija au Umra;
- wasafiri wa nchi za ukanda wa Senegali hadi Ethiopia, hasa kati ya Desemba na Juni wakati wa kiangazi na vumbi;
- watu waliotolewa wengu, au ambao wengu wao haufanyi kazi vizuri, kwa mfano wagonjwa wa selimundu;
- wakazi wa eneo lenye mlipuko, wizara ya afya inapoagiza.

Kwa mahujaji

Saudi Arabia inataka cheti cha chanjo inayokinga makundi manne ya bakteria hawa: A, C, W na Y. Sharti hilo liliimarishwa baada ya milipuko ya kundi W miongoni mwa mahujaji na jamaa zao mwaka 2000 na 2001. Sindano idungwe angalau siku 10 kabla ya kufika, kwa kuwa mwili huhitaji muda kujenga kinga. Anayechanjwa siku ya kuamkia safari anaweza kukataliwa, na pia anasafiri bila kinga. Cheti hudumu miaka 3 au 5 kulingana na aina ya chanjo, hivyo jina la chanjo na tarehe viandikwe wazi.

Kabla na baada ya sindano

Mwambie mhudumu ikiwa umewahi kupata mzio mkali baada ya chanjo, ikiwa una homa kali siku hiyo, ikiwa ni mjamzito, au ikiwa una ugonjwa wa kudumu. Mafua madogo hayazuii kuchanjwa. Mjamzito anaweza kuchanjwa akiwa hatarini.

Chanjo haina bakteria hai, kwa hivyo haiwezi kuleta ugonjwa. Mkono kuuma au kuwa mwekundu, kichwa kuuma, uchovu na homa kidogo ni kawaida, na huisha kwa siku moja au mbili. Keti kituoni dakika 15 baada ya kudungwa. Ukivimba uso, ukipumua kwa shida au ukitokwa na vipele mwili mzima, mwite mhudumu mara moja.

Chanjo haimalizi tahadhari

Hakuna chanjo inayokinga makundi yote kwa asilimia mia. Homa ya ghafla pamoja na shingo kukakamaa, kutapika, macho kuumizwa na mwanga, au madoa ya damu yasiyofifia yakibonyezwa, ni sababu ya kwenda hospitali usiku huo huo. Kwa mtoto mchanga, tazama utosi uliovimba, kukataa kunyonya na kulegea. Wanaoishi na mgonjwa nao wafike kituoni, kwa sababu huenda wakahitaji dawa ya kinga hata kama walichanjwa.

Kwa maelezo zaidi, muulize mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chako au fika katika kituo cha afya kilicho karibu nawe.