Randa Ifaayo Kusawazisha Vichwa vya Mbao

Mara nyingi mafundi hutuuliza: Yafaa kununua randa ipi kwa kusawazisha vichwa vya mbao? Swali hili ni jema, maana randa ni ghali, naye fundi aliyenunua isiyofaa hana budi kukaa nayo miaka mingi. Lakini kabla ya kuitaja randa, yatupasa kuutazama mti wenyewe.

Mti umefanyika kwa nyuzi nyingi zilizolala pamoja, mfano wa tita la matete. Ukipiga randa kwa urefu wa ubao, chuma hupita kati ya matete, na maranda marefu hutoka yakijikunja. Lakini kichwani pa ubao matete yote yamekuelekezea ncha zake, nayo hayana budi kukatwa moja moja. Chuma butu hakiyakati. Huyalaza na kuyang'oa. Ndiyo sababu kichwa cha ubao hubaki kimefifia, chenye vishimo, na badala ya maranda fundi hupata vumbi. Jambo hili huonekana zaidi katika mti mlaini kama msonobari, ambao nyuzi zake hupindika upesi, kuliko katika mvule au mninga.

Basi, zaidi ya kuwa kikali, chuma chapaswa kuzifikia nyuzi kikiwa kimelala, si kimesimama. Katika randa kubwa ya kawaida chuma kimelazwa kwa pembe ya digrii 45, na upande wake ulionolewa mshazari hutazama chini. Kwa hiyo ukiunoa kwa digrii 25 au kwa 30, pembe ya kukata haibadiliki. Ni 45 tu. Randa ndogo ya kushikwa kwa mkono mmoja ni kinyume chake. Mshazari wake hutazama juu, hivyo pembe ya kulaza na pembe ya kunoa hujumlishwa.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Randa hizi ndogo ni za namna mbili, nazo dukani hufanana kama pacha. Ya kwanza chuma chake kimelala kwa digrii 20, ya pili kwa digrii 12. Twaa ile ya kwanza, ukinoe chuma chake kwa digrii 25: 20 na 25 ni 45. Ndiyo pembe ile ile ya randa kubwa! Umenunua udogo tu. Twaa ya pili: 12 na 25 ni 37, na tofauti hiyo mkono huisikia mara moja. Katika randa za Stanley, namba 9½ ni ya namna ile ya kwanza, na namba 60½ ni ya pili. Lakini mtu akiinoa hiyo ya pili pasipo kupima, hata mshazari ukafika digrii 33, amerudi pale pale alipoanza.

Je, kila fundi ainunue hiyo ya digrii 12? Sisi hatusemi hivyo. Wakati mmoja tulikuwa tukifanya sanduku la mvule. Tulisukuma randa toka ukingo mmoja wa ubao hata ukingo wa pili, tukiyafurahia maranda yetu membamba, na kwa msukumo wa mwisho pembe ya ubao ikapasuka, kikaanguka kipande chenye upana wa kidole. Ubao ulikuwa umekwisha kukatwa kwa kipimo, wala hatukuwa na mwingine. Sanduku likawa fupi kuliko tulivyoahidi, na mwenyewe alikuja na futi yake akalipima. Randa ilikuwa nzuri na kali. Ila nyuzi za mwisho hazikuwa na kitu nyuma yake cha kuzishikilia. Tangu siku ile, ama twasukuma toka kila ukingo hata katikati tu, ama twabana kipande cha mti usio na kazi nyuma ya ubao, kipasuke chenyewe.

Kwa mbao pana ni heri kufanya kibao cha kusukumia: ubao ulionyoka, ukapigiliwa kipande cha kuegemezea kwa pembe mraba. Randa hulazwa ubavu na kusukumwa kando yake, na kile kipande huzishikilia nyuzi za mwisho. Kwa kazi hii randa ndogo haifai, kwa kuwa ni nyepesi, na mkono hauna mahali pa kuishika vema. Randa kubwa yenye urefu wa inchi 14, ijapokuwa pembe yake ni 45, hukata vizuri ikinolewa sana, kwa sababu uzito wake huipeleka. Kwa hiyo mwenye randa kubwa asikimbilie dukani. Na afanye kwanza kibao hiki. Randa ndogo ya digrii 12 ni ya yule ambaye kila siku hupunguza vichwa vya droo, au vya mbao zilizokwisha kuungwa, ambazo haziwezi kuletwa kibaoni.

Ukinunua randa kubwa iliyokwisha kutumika, weka guni kati ya uso wake wa chini na ubavu, maana ubavu usio mraba hauwezi kukata kichwa cha ubao mraba. Tazama kama pana ufa kandokando ya kinywa. Kisha kinoe chuma, ukijaribu katika kichwa cha msonobari: kikitoka laini na kung'aa, chuma ni kikali, kikitoka vumbi, rudi kwenye kinoo.